Bega limetoka mara ya kwanza nikiwa na miaka 19: nirudi uwanjani au nifanyiwe upasuaji?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 19, nacheza mpira wa kikapu timu ya chuo, namba nne (mchezaji wa chini ya kikapu), na natumia mkono wa kulia. Wiki sita zilizopita niliruka kufunga, mpinzani akanivuta mkono kwa nyuma, bega la kulia likatoka kwa mbele. Hospitali walipiga picha, wakalirudisha, nikafungwa mkono wiki tatu. Sasa haliumi na narusha mpira vizuri tu. Ila nikipeleka mkono juu halafu nyuma, nahisi kama linataka kutoka tena. Ligi inaanza mwezi ujao na kocha ananihitaji. Mjomba wangu ananikanda kwa mafuta na maji ya moto kila jioni. Je, nirudi? Mazoezi yanatosha, au lazima nipasuliwe?

Jibu: Marahaba kijana wangu, na pole sana.

Kwa kuwa ligi iko karibu, nianze na jibu lenyewe: mwezi ujao usicheze. Bega kuacha kuuma ifikapo wiki ya sita ni kawaida, na hakuonyeshi kama limeshikamana au la. Kinachoonyesha ni ile hisia ya kutaka kutoka mkono unapokwenda juu na nyuma. Kwa umri wako, kwa mchezo wa kugongana kama huu, na kwa hisia hiyo, unahitaji kipimo cha MRI (picha ya sumaku) na mazungumzo na daktari bingwa wa mifupa anayeshughulika na mabega kabla hujagombania ribaundi (mpira uliokosa kikapu) hata moja. Mazoezi unaanza wiki hii, maana utayahitaji ukipasuliwa na utayahitaji usipopasuliwa.

Kilichoharibika ndani

Kichwa cha mfupa wa mkono wa juu kinakaa juu ya kijisahani kidogo kilicho pembeni mwa kombe la bega. Kichwa ni kikubwa na kijisahani hakina kina, kama chungwa lililowekwa juu ya kisosi. Wakati wowote ule ni kama robo tu ya kichwa, au zaidi kidogo, inayogusana na kijisahani. Ndiyo maana mkono unazunguka pande zote, na ndiyo maana bega hutoka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa mwilini.

Vitu vitatu hulizuia lisitoke. Cha kwanza ni ukingo wa gegedu (mfupa laini) unaozunguka kijisahani na kukiongezea kina. Cha pili ni kano zinazofunga kiungo, hasa ile ya mbele kwa chini. Cha tatu ni misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe na kukumbatia kichwa cha mfupa. Kazi yake kubwa ni kukivuta kichwa kikae katikati wakati misuli mikubwa ya kifua, mgongo na bega inafanya kazi ya nguvu.

Mkono ukiwa umeinuliwa pembeni na kiganja kimegeukia mbele, yaani ule mkao uliokuwa nao mpinzani alipokuvuta, kano ya mbele kwa chini ndiyo inayobeba karibu mzigo wote. Ukivutwa zaidi, kichwa kinasukumwa mbele na kung'oa ukingo wa gegedu pamoja na kano kutoka kwenye mfupa. Jeraha hilo linaitwa la Bankart, kwa jina la daktari wa upasuaji wa Uingereza aliyelieleza mwaka 1923. Kichwa kikishatoka, sehemu yake ya nyuma inagonga ukingo mgumu wa kijisahani na kubonyea. Kibonyeo hicho kinaitwa Hill-Sachs, kwa majina ya madaktari wawili wa picha wa Marekani walioandika juu yake mwaka 1940. Mabega yanayotoka, zaidi ya tisa katika kila kumi hutoka kwa mbele, na kwa vijana jeraha la Bankart hupatikana karibu kila mara.

Ukingo ule mara nyingi haurudi mahali pake wenyewe. Unashikana na mfupa, lakini chini na ndani zaidi ya ulipokuwa, kwa hiyo jeraha limepona kwa maana ya kwamba haliumi, huku kizuizi cha mbele kikiwa hakipo. Ndilo unalolisikia. Ubongo unapokea taarifa kwamba kichwa kinateleza kuelekea mbele, na unakuamuru usimame kabla hakijafika. Hisia hiyo usiipuuze wala usijizoeshe nayo kwa kuupeleka mkono kule mara kwa mara ili “uzoee”.

Kwa nini umri wako ndio unaobadilisha jibu

Mtu wa miaka 45 bega likimtoka kwa mara ya kwanza, hofu kubwa ni kwamba moja ya ile misuli minne imechanika. Kutoka tena kunamtokea mara chache. Kwa kijana wa kiume wa chini ya miaka 20 anayerudi kwenye mchezo wa kugongana, mambo yamegeuka: zaidi ya nusu ya vijana wa namna hii bega huwatoka tena, na wengi wao ndani ya miaka miwili ya kwanza. Kufungwa mkono kwa muda mrefu hakukubadilishi hilo. Kwa watu wa chini ya miaka 30, kufungwa zaidi ya wiki moja hakujaonekana kupunguza kutoka tena. Wiki tatu ulizofungwa zimekusaidia kupunguza maumivu, basi.

Na kila linapotoka, hasara inaongezeka. Ukingo unachakaa, kano zinalegea, na mfupa wa mbele wa kijisahani unasagika kidogokidogo. Bega lililotoka mara moja linaweza kurekebishwa kwa kushona ukingo tu. Lililotoka mara sita, huenda mfupa umeshalika kiasi kwamba kushona hakutoshi tena. Ndiyo sababu mtu wa umri wako haambiwi “subiri litoke tena ndipo tuone”.

Wachezaji wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, wenye madaktari bora duniani, wamepitia njia hii hii. Dwyane Wade wa Miami Heat bega la kushoto lilimtoka Februari 2007 alipounyoosha mkono kumpora mpinzani mpira. Hakupasuliwa, alifanya mazoezi, akarudi Aprili, akacheza hatua ya mtoano, timu yake ikafungwa michezo minne kwa sifuri na Chicago Bulls, na Mei akapasuliwa bega hilo hilo. Julius Randle wa New York Knicks bega la kulia lilimtoka mwishoni mwa Januari 2024, akajaribu mazoezi kwa zaidi ya miezi miwili, na Aprili akakubali upasuaji uliomaliza msimu wake. Kevin Love wa Cleveland Cavaliers alivutwa mkono wa kushoto wakigombania mpira Aprili 2015, akapasuliwa siku chache baadaye, na mwezi Oktoba alikuwa uwanjani siku timu yake ilipofungua msimu mpya. Simaanishi kwamba wawili wa kwanza walikosea. Wade alikuwa na sababu ya kujaribu, naye alijua anachokijaribu. Lakini angalia hesabu ya miezi: mwenye kuchelewesha uamuzi huutumia msimu huu na mara nyingine hula na mwanzo wa msimu ujao.

Vipimo unavyohitaji, na maswali ya kuuliza

Tafuta kwanza picha za eksirei ulizopigwa siku ya ajali. Ziwe za kabla na za baada ya kurudishwa. Kama hakuna picha iliyopigwa kupitia kwapani, au ile ya kombe kwa ubavu, omba ipigwe. Picha ya mbele peke yake huficha mfupa uliomeguka.

MRI ndiyo inayoonyesha ukingo wa gegedu. Katika siku chache za mwanzo damu iliyo ndani ya kiungo husaidia picha isomeke vizuri. Wewe umeshapita wakati huo, kwa hiyo uliza kama wanaweza kufanya ile ya kuchomwa dawa ya rangi ndani ya kiungo kwanza, maana huonyesha mpasuko ulio wazi kuliko MRI ya kawaida. Kama MRI itaonyesha mfupa umemeguka au umelika, daktari ataongeza CT (picha ya mifupa ya kompyuta) ili apime umelika asilimia ngapi. Namba hiyo idai, iandikwe kwenye ripoti. Mfupa wa mbele wa kijisahani ukiwa umepungua asilimia 20 hadi 25 au zaidi, kushona ukingo peke yake hushindwa mara nyingi mno. Na siku hizi madaktari wengi huanza kuwa na wasiwasi hata chini ya hapo kwa mchezaji wa mchezo wa kugongana.

Kuna kipimo kimoja unachoweza kukifanya mwenyewe sasa hivi. Pitisha kidole juu ya ngozi ya nje ya bega, pale wanapochoma sindano ya chanjo, ulinganishe kulia na kushoto. Hapo pana eneo la neva inayozunguka shingo ya mfupa wa mkono, na neva hiyo huvutika bega linapotoka. Ngozi ikiwa imekufa ganzi, au ukishindwa kuinua mkono pembeni kwa nguvu kama wa upande wa pili, mwambie daktari siku ya kwanza. Nyingi hupona zenyewe kwa wiki au miezi, lakini mazoezi na tarehe ya upasuaji hupangwa upya kwa ajili yake.

Mwambie pia kama viungo vyako vyote ni vilegevu tangu utotoni: kidole gumba kinalala hadi kugusa mkono, viwiko na magoti vinapinda kwa nyuma, bega la kushoto nalo huteleza. Kwa mtu wa namna hiyo mazoezi hupewa muda mrefu zaidi na upasuaji huchaguliwa kwa uangalifu, maana tatizo lake haliko kwenye mpasuko mmoja.

Tanzania, madaktari bingwa wa mifupa wapo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), na hospitali za KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Popote utakapokwenda, piga simu kwanza uulize kama wanafanya upasuaji wa bega kwa matundu madogo na kamera, na anayefanya yupo siku gani.

Upasuaji ni upi hasa

Kama mfupa ni mzima au umepungua kidogo, daktari hupitisha kamera na vyombo kwenye matundu matatu hivi, anauinua ukingo ulioshuka, anaurudisha kwenye ukingo wa mfupa na kuufunga kwa nyuzi zilizoshikwa na vijisumari vidogo. Kibonyeo cha nyuma kikiwa kikubwa, anaweza kuzibia humo kano ya msuli wa nyuma ili kisinase kwenye ukingo wa kijisahani mkono unapogeuka. Mfupa ukiwa umelika sana, anafanya upasuaji wa Latarjet, jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1954: kipande cha mfupa wa kombe, pamoja na misuli iliyoshikamana nacho, kinahamishwa mbele ya kijisahani na kufungwa kwa skrubu, kwa kawaida mbili.

Kwa kushona ukingo, tarajia mkono kufungwa kama wiki nne, kuuinua wenyewe bila msaada kuanzia wiki ya sita hivi, mazoezi ya nguvu kuanzia mwezi wa tatu, na kugongana uwanjani mwezi wa sita. Kuna wanaoruhusiwa mwezi wa tano. Miezi minne kwa mchezaji wa namba nne ni mapema, hata ukijisikia una nguvu za simba. Upasuaji unapunguza sana uwezekano wa bega kutoka tena. Hauuondoi wote, na kwa walio chini ya miaka 20 hatari inayobaki ni kubwa kuliko kwa wakubwa. Hasara nyingine ni kupungua kidogo kwa mzunguko wa mkono kwenda nje. Kwa mpigaji wa mitupo ya pointi tatu, nyuzi tano au kumi zilizopotea hurekebishika kwa kuhamisha mahali anapoanzia mtupo, kwa hiyo sioni kama ni sababu ya kukataa.

Maoni yangu, kwa haya uliyonieleza: kama MRI itaonyesha ukingo umeng'oka na hisia ile bado ipo baada ya wiki nyingine sita za mazoezi ya kweli, upasuaji ndiyo njia yenye heri. Ukiwa na mfupa uliomeguka, usisubiri hata hizo wiki sita.

Mazoezi kuanzia sasa, wiki ya sita

Huhitaji gym. Unahitaji tyubu ya ndani ya baiskeli iliyokatwa ikawa kamba, taulo, chupa za maji za nusu lita na lita moja, ukuta, na mpira wako. Fanya siku nne kwa wiki, siku moja ya kupumzika kati inapowezekana. Maumivu yasizidi mbili kwa kumi, na yawe yamekwisha kesho yake asubuhi. Mpaka nitakapokwambia vinginevyo, katika mazoezi haya kiwiko kisipande juu ya bega na kisirudi nyuma ya mstari wa mwili.

Zoezi kuu ni kuzungusha mkono kwenda nje. Funga tyubu kwenye nguzo, kimo cha kiwiko. Simama ubavu, bega la kushoto lisiloumia likiwa upande wa nguzo. Kunja kiwiko nyuzi 90, bana taulo iliyokunjwa kati ya kiwiko na mbavu, na peleka kiganja nje taratibu kwa sekunde mbili, urudishe kwa sekunde nne. Seti tatu za mara 15. Wiki mbili za kwanza ishia pale kiganja kinapoelekea mbele na nje kidogo, kama nyuzi 40. Ongeza kadiri hofu inavyopungua. Taulo ikidondoka, umeanza kutumia bega zima badala ya misuli midogo: punguza mvuto wa tyubu. Kosa hili ndilo ninaloliona kwa vijana wengi. Wanachukua tyubu nene, wanavuta kwa mwili mzima, na ile misuli midogo haifanyi chochote. Kisha geuka, fanya vilevile kuzungusha kwenda ndani. Msuli wa ndani uko mbele ya kichwa cha mfupa, na wewe unauhitaji kuliko wengi.

La pili ni kuvuta kama mpiga makasia: tyubu kimo cha kifua, vuta mikono miwili mpaka viwiko vifike ubavuni, visipite, huku ukiyaleta makombe karibu na uti wa mgongo. Seti tatu za mara 12. La tatu ni pushapu ya ukutani yenye nyongeza: sukuma hadi mikono inyooke, kisha endelea kusukuma mpaka makombe yatawanyike na mgongo wa juu uchomoze kidogo kwa nyuma, shikilia sekunde mbili. Ukifikisha mara 20 bila tabu hamia kwenye meza, baadaye sakafuni magoti yakiwa chini, mwisho pushapu kamili. Viwiko viwe karibu na mbavu, visitanuke.

Kombe likiwa dhaifu, kijisahani kinainamia mbele na kukipa kichwa njia ya kutokea. Kwa hiyo usiyaruke mazoezi ya mgongo kwa sababu jeraha liko mbele.

Kuanzia wiki ya tisa hivi, kama kuinua mkono juu mbele yako hakuleti hofu, ongeza kuinua chupa ya nusu lita pembeni-mbele (nusu ya njia kati ya mbele na ubavu) hadi kimo cha bega, seti tatu za mara 12. Planki ya viganja huku ukigusa bega la pili kwa zamu, seti tatu za sekunde 20. Na kulala kifudifudi kitandani mkono ukining'inia, ukiuinua kuelekea mbele kidole gumba kikitazama juu. Wiki ya 11 au 12, chini ya macho ya mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi), ndipo unapoanza kuzungusha mkono ukiwa umeinuliwa pembeni nyuzi 90. Huo ndio mkao uliokuumiza. Bega lisilofunzwa humo haliko tayari kwa kikapu, na lililofunzwa humo mapema hutokea mazoezini.

Miguu na kiuno visilale muda wote huu. Skwati, kuruka kwa mguu mmoja na kutua, na mbio za uwanja vinaruhusiwa tangu sasa, mradi uwanja ni mkavu na huchezi na mtu. Nguvu ya mtupo huanzia kwenye nyayo. Mchezaji anayerudi na miguu milegevu hulazimisha bega lifidie.

Kurudi uwanjani: mtupo kwanza, ribaundi mwisho

Hapa wengi hukosea kwa sababu wanaona mtupo ndio hatari. Katika mtupo wa kawaida kiwiko kiko mbele ya mwili na mpira hauna hata gramu 650. Kichwa cha mfupa kinabanwa kwenye kijisahani. Bega hutoka mtu anapougonga mkono ulioinuliwa, unapounyoosha nyuma kupora, unapogombania ribaundi viwiko vikiwa wazi, unapozuia mpira wa mtu anayekuja kwa kasi, na unapoangukia kiganja. Yaani ulinzi na chini ya kikapu, kazi ya namba nne hasa.

Kwa hiyo mtupo wa karibu, mita moja hadi mbili kutoka kikapuni, unaweza kuuendeleza sasa: mitupo 30, siku moja ndiyo siku moja hapana, mkono wa kushoto ukiuongoza mpira tu. Ongeza 10 kila wiki ikiwa kesho yake bega liko kimya, sogea hadi mstari wa mtupo huru, kisha mstari wa pointi tatu. Pasi za kifuani za mikono miwili ukutani zinaanza wiki ya tisa. Pasi ya juu ya kichwa baada ya wiki ya 12. Pasi ndefu ya mkono mmoja baada ya hapo. Danki na kuning'inia kwenye ringi viwe vya mwisho kabisa, tena kuning'inia kwa mkono mmoja ningekuomba ukuache moja kwa moja.

Kabla ya kugongana, timiza haya yote, siyo baadhi: mzunguko wa mkono sawa na wa kushoto au pungufu kidogo sana, nguvu ya kuzungusha nje na ndani angalau asilimia 90 ya upande wa pili, ipimwe na mtaalamu wa fiziotherapia kwa kifaa na si kwa kukadiria, hakuna hofu mtaalamu anapouweka mkono kwenye mkao ule wa hatari (jaribio hili usilifanye mwenyewe wala usimpe rafiki alifanye). Kisha jaribio la mistari: bandika tepe mbili sakafuni, umbali sentimita 91, kaa mkao wa pushapu mkono mmoja juu ya kila utepe, na kwa sekunde 15 gusa utepe wa upande wa pili kwa zamu, haraka uwezavyo. Fanya raundi tatu ukipumzika sekunde 45, chukua wastani. Kwa wanaume kizingiti kinachotumika sana ni 21. Chini ya hapo, rudi kwenye mazoezi wiki mbili.

Ukifaulu, kuna ngazi nne, kila moja wiki moja: mazoezi ya timu bila mpinzani, mmoja kwa mmoja na mtu anayekulinda kwa kifua tu bila kugusa mikono, ribaundi na kuzuia dhidi ya mto wa mazoezi unaosukumwa na kocha, mazoezi kamili. Mechi ya kwanza, dakika 10 hadi 12. Hofu ikirudi kwenye ngazi yoyote, shuka ngazi moja na umwone mtaalamu wako.

Mkanda maalumu wa bega unaozuia mkono usiinuke sana haujathibitishwa kuzuia bega kutoka, na kwa mkono wako wa kurushia utakuharibia mtupo. Plasta za rangi za kubandika hazishiki kiungo.

Vitu vya kuacha leo

Mjomba mshukuru kwa upendo wake, kisha mwombe aache. Maji ya moto na mafuta hulegeza misuli iliyokaza na ngozi hujisikia vizuri, lakini ukingo ulioshuka haurudi kwa kukandwa. Tena mkandaji akiuvuta mkono nyuma au kuuzungusha ili “mshipa ukae”, anazinyoosha zile kano ambazo tayari ni ndefu kupita kiasi. Kwa sababu hiyo hiyo acha kunyoosha bega kwa kushika fremu ya mlango na kusukuma kifua mbele. Kwenye gym, usinyanyue chuma cha kifuani kwa mikono mipana, usifanye dipu, wala usivute chuma nyuma ya shingo. Vyote vitatu vinaupeleka mkono kwenye mkao wa hatari ukiwa na mzigo.

Na usimeze diklofenaki ili uingie uwanjani. Shida yako haiko kwenye maumivu, kwa hiyo dawa haitakusaidia kitu, na siku bega litakapouma kweli hutasikia onyo.

Kocha mpe ripoti ya MRI mkononi na tarehe ya kila ngazi. Kocha mwenye tarehe hupanga kikosi. Aliyeambiwa “najisikia vizuri” atakuita kila Ijumaa.

Likitoka tena

Asilirudishe kocha, mchezaji mwenzako wala mkandaji. Huenda mfupa umevunjika, na kuvuta kunaweza kubana neva au mshipa wa damu. Uache mkono katika mkao usiouma, weka mto mdogo au jezi iliyokunjwa kwapani, fungia mkono kwa khanga ipitayo shingoni. Barafu ndani ya kitambaa, dakika 15 hadi 20. Angalia vidole: viwe na joto, vitembee, na mapigo ya kifundo cha mkono yasikike. Vikiwa vya baridi, vimepauka au vimekufa ganzi, ni dharura ya dakika, si ya saa. Nenda hospitali yenye eksirei, na usile wala kunywa chochote njiani, kwa sababu huenda wakakupa dawa ya usingizi ili misuli ilegee. Ukifika waambie hii ni mara ya pili na uwape picha za mwanzo.